Ufa Niliouona Alhamisi

Niliuona ule ufa siku ya Alhamisi. Naanza na hilo kwa sababu ilinichukua siku nne kulisema.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja huku Westville, kusini kabisa mwa Afrika. Tuna mashine ya haidroliki, ndefu kunizidi, inayobana punje ya jiwe mpaka ipate mgandamizo wa mawe yaliyo chini kabisa ya ardhi. Jiwe litasema nini, wanajua watafiti. Yangu ni mafuta, mabomba, vali, na vile vipande vinane vya chuma kigumu, vyenye umbo la dadu, vinavyoizunguka sampuli na kuibana pande zote.

Kila dadu hukaguliwa kabla ya kazi. Siku ile, kwenye lenzi, moja ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Tunayo dawa nyekundu ya kupaka ili kujua kama ni ufa au mkwaruzo tu. Inataka subira ya nusu saa. Lakini dadu mpya zilikuwa zimekwama bandarini, na mwanafunzi wa uzamivu aliyengoja zamu yake alikuwa amekwisha kuahirishiwa mara mbili. Nikajiambia ni mkwaruzo. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaichanganya na nyingine.

Mwanafunzi huyo, dada mmoja, alitoka Mbeya. Mle ndani ni yeye tu niliyeongea naye Kiswahili. Alikicheka changu cha Lubumbashi, nami nikakicheka chake chenye adabu nyingi. Sampuli ile aliitayarisha kwa wiki tatu.

Ijumaa, presha ikikaribia kufika, ukatoka mlio mmoja mkavu, kama mlango wa chuma uliobamizwa, na sakafu ikatupiga nyayoni. Mshale wa presha ukaanguka hadi sifuri. Ngao ya mashine ilizuia vipande, hakuna aliyeumia. Mkuu wa maabara, mama mmoja asiyepandisha sauti, akatoka ofisini kwake.

"Ulizipanga dadu sawasawa?" akamwuliza mwanafunzi. "Moja ikikaa upande, ndivyo inavyokuwa."

Mwanafunzi akaitazama mikono yake. "Labda nilikosea mimi," akasema.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikainama nikaanza kufuta mafuta mahali pasipo na mafuta.

Jumamosi sikutulia. Asubuhi nilikaza bawaba za milango yote ya nyumba yetu pale Overport. Nikafungua bomba la jikoni lisilovuja, nikalifunga tena. Nikapanda teksi hadi Mobeni, kwa rafiki yangu anayetengeneza pampu, nikasimama nikimtazama anavyofanya kazi, nikarudi bila kumwambia kitu. Mke wangu alipotoka saluni kwake alinikuta nimelaza feni mezani, imefunguliwa yote.

"Baba, hiyo feni iko muzima," akasema. "Iko nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akivua viatu.

"Huyo mutoto wa watu anajua ni kosa yake?"

"Anafikiri hivyo."

"Basi mupigie simu."

Nilishika simu mara nyingi. Nilihofia mkataba wangu, ambao ulikuwa unakaribia kwisha, na kibali changu cha kukaa kilichoutegemea huo mkataba. Lakini niseme kweli: zaidi nilihofia sauti ya yule dada. Jumapili kanisani nilitoka nje mara tatu wakati wa mahubiri, mpaka mzee wa mlangoni akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikamjibu ndiyo.

Jumatatu nilifika kabla ya wengine. Vipande vilikuwa bado kwenye ndoo. Nilivigeuza kimoja kimoja mpaka nikakipata: palipovunjika Ijumaa paling'aa, lakini ukingoni palikuwa na ukanda mweusi ambamo mafuta yalikuwa yameshapenya siku nyingi. Ulikuwa ufa wa zamani. Ningeweza kukitia mfukoni na mambo yakaishia hapo. Nikakipeleka kwa mkuu, nikaomba na mwanafunzi aitwe.

Nilisema yote, pamoja na kitambaa. Mkuu alikigeuza kile kipande kwa muda mrefu. Akasema nitapewa onyo la maandishi, na kwamba toka siku ile hakuna dadu itakayoingia bila dawa na sahihi mbili.

Mwanafunzi alingoja mpaka tukawa kwenye korido. "Kaka," akasema, "Ijumaa ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa pale, dada. Unisamehe."

Akaenda zake. Dadu zilipotoka bandarini alizikagua zote mwenyewe mbele yangu, akaweka sahihi, akanisogezea kalamu. Wiki nyingi zilipita hivyo. Jaribio la pili lilishika. Tulishusha presha polepole kwa karibu siku nzima, na punje yake ikatoka nzima. Alinipa mkono. Mkataba wangu waliuongeza mwaka mmoja, badala ya mitatu.

Siku moja tulikutana kwenye maegesho, kila mmoja akingoja mvua ipungue. Hakunitazama alipoanza kuongea.

"Ile Jumatatu nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha masomo. Ilikuwa kwenye simu. Nilipanga kuituma saa nne."

Aliitwa ofisini kwa mkuu saa tatu na nusu, nakumbuka, kwa kuwa niliitazama saa ya ukutani nikitamani wasinisikilize. Nikamwuliza kama ana mwavuli.