Nafasi ya Pili Muheza

Mumewe Sabiha alikuwa mchora mabango pale Ngamiani, mjini Tanga. Alipofariki aliacha brashi na makopo ya rangi, na Sabiha, badala ya kuviuza, akaanza kuvitumia. Akishamaliza kushona nguo za watu, hutoka peke yake akachora alichokiona: mabati ya jirani, mikoko maji yakiwa yamekupwa. Bintiye wa pekee, Shadya, aliolewa Maskati.

Mwaka huu mashindano ya uchoraji ya mkoa yalifanyika Muheza, katika shamba la michungwa lililokuwa la babake Sabiha kabla halijauzwa. Kila mchoraji alitakiwa achague pahala pake, achore mandhari iliyo mbele yake, amalize siku hiyohiyo. Wengi walikuja na watu wao. Anastazia, binti wa hukohuko Muheza aliyekaa karibu naye, alishikiwa mwavuli na mama yake. Sabiha alifunga kanga matawini apate kivuli.

Mchana mvua ikashuka ghafla. Wenzake walisaidiwa kukimbiza picha zao barazani. Sabiha aliifungua ile kanga, akaifunika picha yake, akaiinamia mpaka akalowa chapachapa. Mvua ilipokatika akaendelea kuchora: miti iliyokwisha kuvunwa, na ngazi imeegemezwa shinani.

Jaji mmoja aliitazama kwa muda. "Mama, mbona hukuweka mtu hata mmoja?"

"Niliowajua hapa wameshaondoka wote," Sabiha akajibu.

Alipata nafasi ya pili. Akampigia Shadya palepale.

"Mama, niko kazini. Nitakupigia."

Mama yake Anastazia alikuwa akipakua pilau. "Dada, karibu ule nasi."

Sabiha alitamani, ila mdomo ukamtangulia. "Ahsante, dada. Nyumbani wananingoja."

Hakuna aliyekuwa akimngoja. Alikaa kituo cha basi na picha mapajani, njaa inamuuma, akijilaumu kwa uongo uliomkosesha chakula na mazungumzo.

Shadya alipiga asubuhi yake. Sabiha akaielekeza simu kwenye picha.

"Nzuri, mama. Wapi hapo?"

"Shambani kwa marehemu babu yako. Ulikuwa ukipanda michungwa ile mpaka tukuteremshe kwa nguvu."

"Sipakumbuki, mama."

"Si neno. Ulikuwa mdogo."

Walipoagana, Sabiha alipigilia msumari sebuleni, akaitundika picha mkabala na viti vya wageni. Kisha akarudi kwenye cherehani.