Mgonga Chuma wa Sabato

Kule vilimani Nyamira, miaka ile majani chai yalipokuwa bado mageni, hapakuwa na mtu aliyeilinda Sabato kama Mzee Onsongo. Kila Ijumaa jua likizama alikigonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mkaratusi nje ya kanisa, na majembe yakashushwa. Jumamosi jua likizama alikigonga tena, Sabato ikaisha. Mawingu yakificha jua alitazama saa yake ya mfukoni, na ole wake mwanamke aliyekutwa akimenya ndizi kabla chuma hakijalia.

Aliyekingoja chuma cha Jumamosi kwa hamu kuliko wote alikuwa mwanawe, Ogari. Alikaa kwenye nyasi za uwanja wa shule, viatu vya kanisani amevivua, mpira wa majani ya migomba katikati ya miguu. Chuma kikilia tu, mpira ulipaa juu ya paa la darasa. Alikuwa na dakika ishirini hivi kabla ya giza, na hakupoteza hata moja. Mzee alijifanya haoni, lakini alichelewa kurudi nyumbani makusudi ili amtazame.

Mwaka 1968 Ogari alipata nafasi katika chuo kimoja kusini mwa Marekani. Kanisa zima lilimsindikiza hadi Kisii mjini, na mama yake, Kemuma, akalia mpaka sauti ikamkauka. Miaka miwili baadaye ikaja barua ya ajabu kwa baba yake.

"Tata, mpira wa huku una umbo la yai na hubebwa mikononi kama mtoto. Watu hugongana kama mafahali. Mimi huitwa tu pale unapotakiwa kupigwa kwa mguu upite kati ya milingoti miwili. Wenzangu hupiga kwa ncha ya kiatu, mimi kwa upande wa mguu. Wananicheka, halafu unapita."

Msimu ule wa 1970 zikaja barua tano, kila moja na ushindi wake na tarehe yake. Onsongo aliziandika tarehe zile kwa chaki juu ya mlango: 12 Septemba, 19, 26, 3 Oktoba, 10. Akawa hashikiki. Pale wanapopima majani chai aliwaeleza watu mchezo ambao hata yeye hakuuelewa, na wakimcheka alieleza upya.

Sasa, palikuwa na Ondieki, mzee mwenzake wa kanisa, aliyekuwa na mtoto wa kukaa nyumbani tu. Alikuja siku moja kunywa chai, akausoma mlango, kisha akaisoma kalenda ya kanisa iliyotundikwa kando yake, ile yenye Sabato zilizochapwa kwa wino mwekundu.

"Mzee," akasema polepole, "tarehe zako zote ni nyekundu."

Onsongo alisimama akatazama. Kweli. Zote Jumamosi. Aibu ilimpanda kama homa.

"Ise Ogari," Kemuma akamwambia mumewe baada ya Ondieki kuondoka. Ndivyo alivyomwita tangu mtoto azaliwe, baba yake Ogari, wala hakuwahi kumwita vingine. "Ise Ogari, muulize mtoto kwanza."

"Chuma hakimuulizi mtu," akajibu.

Jibu zuri hilo, la kujivunia barazani. Sabato iliyofuata alisimama mwenyewe mbele ya washiriki, akamshtaki mwanawe kabla mwingine hajafungua kinywa, kusudi isisemwe kwamba mgonga chuma ana upendeleo. Mikono ikainuliwa, mmoja mmoja. Kemuma hakuinua wake. Jina la Ogari likafutwa katika kitabu cha kanisa, na Onsongo akaandika barua: jina lako halipo tena, nawe usiniandikie mpaka utubu.

Jibu lilifika Desemba. Kemuma hakujua kusoma, basi Onsongo alimsomea kwa sauti. Katikati akaanza kuikunja.

"Soma," Kemuma akasema.

Akasoma. "Tata, mechi zile tano zilichezwa jioni, chini ya taa za umeme, jua likiwa limekwisha kutua. Nilipatana na mwalimu wa timu tangu siku ya kwanza. Mechi za mchana nilikaa kanisani, timu ikafungwa, na wenzangu wakaacha kula nami meza moja. Hizo sikuziandika, sikutaka mama aumie. Kila Jumamosi nilisimama mlangoni nikitazama jua, nikikumbuka chuma chako. Barua yako ilifika siku ya Ijumaa. Kesho yake ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, saa nane mchana. Nilicheza. Nilipiga mara tatu, na mara tatu ukapita. Walinibeba mabegani. Jina likiwa halipo, nilikuwa namlindia nani Sabato?"

Kijiji kizima kingeweza kusahau kwamba Jumamosi ina jioni yake. Yeye je? Yeye aliyeifungua jioni hiyo kwa mkono wake miaka kumi na minane?

Alikimbia kwa Mchungaji Ratemo bila kofia. Mchungaji aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Jina hurudishwa na mwenyewe, mzee, akisimama pale mbele na kuomba."

Onsongo aliandika barua kumi na moja. Hakujibiwa hata moja. Mwaka 1974 kijana wa Mosocho aliyerudi kutoka kule alisema Ogari ameoa, ana kazi, na akisikia Ekegusii, lugha ya kwao, huondoka chumbani. Maji yakimwagika hayazoleki. Chaki mlangoni haikufutwa, ilipauka yenyewe.

Kemuma aliendelea kumpikia, kumfulia, kukaa naye benchi moja kanisani. Maneno tu ndiyo yalipungua.

Jumamosi moja ya mwaka 1977 jua lilizama na chuma hakikulia. Onsongo alikuwa pale chini ya mkaratusi, nyundo mkononi, akiutazama uwanja wa shule. Watoto walikuwa wameketi kwenye nyasi na mpira wao, wakimtazama, na giza linakuja. Kemuma alitoka kanisani, akamjia mpaka karibu.

"Onsongo," akamwita, kwa jina lake, mbele za watu. "Gonga. Watoto wa wenzako wanangoja."