Mafuta ya Busi Yalipohamia kwa Jirani

Nilimwonea wivu jirani yangu wa Majengo, na sioni haya kusema. Maduka yetu yanatazamana. Kwa miaka mingi sote wawili tuliuza mafuta ya alizeti ya mzee mmoja muuzaji wa jumla, anayeyakamua kwao kijijini Busi na kuyaleta mjini kwa madumu. Wenyeji wa Kondoa wanayajua kwa harufu, na akija mtu kununua mafuta, hapohapo ananunua unga na sabuni.

Kisha mzee akaamua kumuuzia jirani peke yake. Wateja wakahamia ng'ambo ya barabara. Mimi nikabaki kufukuza nzi, nikiwaona wanavyomchekea. Hata kanga yake mpya iliniudhi.

Siku ya mzigo nikamvizia mzee stendi akishusha madumu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mzigo wenyewe mdogo, halafu unampa mtu mmoja? Akiugua kesho, atakuuzia nani?"

"Nikiwapa wote mnagombania bei," akasema. "Mmoja atayachanganya na ya kiwandani ili ashushe, na jina litakaloharibika ni langu. Nimetafuta mmoja ninayemwamini."

"Sasa kwa nini si mimi?"

Akaweka dumu chini. "Mke wangu alipofariki, mwenzako alifunga duka akaja Busi. Alilala msibani siku tatu, akapika na wanawake wa kwetu. Wewe ulituma rambirambi kwa simu."

Kweli nilituma, tena nikajiona mjanja. Siku zile tatu wateja wake wote walikuja kwangu, na nilitamani msiba uendelee.

"Tena alituambia unaumwa," mzee akaongeza, "kwamba umemtuma aje kwa niaba yenu wote wawili. Wanawake wakakuombea dua."

Sikuwa ninaumwa wala sikumtuma mtu. Nikaaga, nikarudi dukani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kama angenisengenya kule, ningepata pa kumshikia.

Nilipofika, jirani akaniita kwa sauti kutoka ng'ambo, mikono yake inang'aa mafuta.

"Shoga, umekula? Njoo, nimekuwekea wali."

Nikamjibu nimeshiba. Nikaingia ndani na njaa yangu, nikamwonea wivu kuliko siku zote, na safari hii haukuwa wivu wa mafuta.