Ubao Nilioupiga Msasa

Mume wangu alikuwa mchongaji, nami ndiye niliyempigia msasa. Ndivyo tulivyoishi Majengo miaka yote. Yeye alichonga vinyago vya twiga na vifaru, akavipanga kwenye benchi karibu na mlango, nami nikimaliza vyombo naketi kuvisugua mpaka vinakuwa laini. Hatukuulizana. Kilichowekwa kwenye benchi kilikuwa changu.

Mwaka wake wa mwisho alipata kazi ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri. Mwalimu mmoja wa Donholm, mama aliyesomea Urusi ujanani, alikuwa ameandika hadithi za kale za huko kwa Kiswahili na sasa alitaka picha. Hakutaka za kompyuta. Alitaka zichongwe kwenye mbao bapa, zipakwe wino, kisha zigandamizwe kwenye karatasi. Mume wangu hakuwa amewahi kuona mbwamwitu wa hadithi hizo, lakini alikubali siku hiyo hiyo. Nilipomuuliza atachonga vipi kitu asichokijua, akaniambia hata twiga alimjua kwanza kwenye kinyago cha baba yake.

Mwalimu alimwonyesha picha za zamani zilizozungushiwa maua pembeni kama leso. Hakuziiga. Ndege wa moto wa hadithi mojawapo alimchonga akafanana na jogoo wa jirani yetu, na mwalimu akampenda hivyo hivyo. Picha nane zilitoka. Ya tisa, ya mwisho, ilikuwa ya kikongwe wa msituni ambaye nyumba yake husimama kwa miguu ya kuku na hugeuka ikiamriwa. Siku alipoianza alikuja na miguu mibichi ya kuku kutoka kwa mama anayeikaanga barabarani, akaisimamisha mezani, akaichora kwa penseli jioni nzima. Kisha tukaichemsha.

"Mama watoto," akasema, "leo tunakula nyumba ya mtu."

"Na yeye atalala wapi?"

"Hapa kwako. Mkikasirika mnafanana."

Wiki mbili baadaye alianguka kazini. Hakuamka tena. Tulimrudisha kwao Ukambani, tukamzika.

Niliporudi, ubao wa kikongwe ulikuwa kwenye benchi. Sikumbuki nikiwaza chochote. Nilichukua msasa, nikaketi, nikasugua. Nilianza na ule mkali, nikamaliza na ule laini. Nililia kidogo, nikaacha, nikalia tena, na mkono uliendelea wenyewe. Nilipopuliza vumbi ndipo nilipoona. Kwenye ubao wa kuchapia, ile mistari myembamba iliyosimama ndiyo picha yenyewe. Ndiyo inayoshika wino. Nilikuwa nimeiondoa.

Zile mbao nane hakuwahi kuziweka kwenye benchi. Alizipandisha juu ya kabati, hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Sasa huu aliuacha pale kwa nini? Alichoka? Alisahau? Au kuna mahali alitaka nipaguse? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma, na kila siku napata jibu tofauti na la jana.

Nilikaa nao siku nne. Mwalimu alipiga simu, akanipa pole, akasema taratibu kwamba kitabu kinangoja picha hiyo tu, na kwamba ndiyo aliyoitamani kuliko zote. Ningeweza kumwambia marehemu hakuimaliza. Angeamini. Lakini basi ingekuwa ni yeye aliyeacha kazi nusu, na mume wangu hakuwahi kuacha kazi nusu.

Nikaufunga ubao kwa leso, nikaenda Donholm. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni kwamba nimeuharibu, na jinsi nilivyouharibu. Alinikalisha, akaniwekea chai, akapaka ubao wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko. Alipoiinua, miguu ya kuku ilikuwepo, minene, na kila ukucha mahali pake. Nusu ya nyumba ilikuwepo. Miti michache ilionekana kwa mbali. Kikongwe hakuwepo. Pale alipokuwa amesimama palikuwa peupe.

"Mama, huu weupe ni theluji," mwalimu akasema. "Huko kwao hufunika kila kitu. Tukiichapa hivi, hakuna atakayejua."

"Mume wangu alichonga theluji hapo?"

Aliitazama karatasi. "Sijui."

"Hata mimi sijui."

Akaniuliza kama ningependa tuiache nje ya kitabu. Hilo nalo sikuliweza, kwa sababu ndiyo kazi ya mwisho ya mume wangu. Lakini kuiweka kwa jina lake peke yake pia sikuweza, watu wakadhani aliisimulia hadithi ya kikongwe bila kikongwe. Nikamwomba aandike chini ya picha kilichotokea. Akasema wasomaji ni watoto, watachanganyikiwa. Nikasema watawauliza wazazi wao, na wazazi nao hawatajua, basi tutakuwa wengi.

Alicheka kidogo, akafuta macho, akaandika kwa kalamu kwenye karatasi nyingine, akanisomea. Aliyechonga ni fulani, marehemu, na mkewe alimsaidia.

Nikamwambia akate hilo la kusaidia.

"Niandike uliiharibu? Siwezi, mama."

Sikumlazimisha. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika kama nilichofanya ni kuharibu au ni kazi yangu ya siku zote. Akayakata maneno ya kusaidia. Mwishowe akaandika: mkewe aliupiga ubao msasa. Hilo lilikuwa kweli, nikakubali lichapwe.