Vibuyu vya Maka

Ukame ulipommalizia ngamia wote kumi na wanane, Maka wa kijiji cha Bute aliendelea kila asubuhi kufukiza vibuyu vyake kwa moshi unaozuia maziwa kuchacha, ingawa hapakuwa na maziwa ya kutia.

"Eedo, shangazi yangu, unawafukizia majini?" alimtania Ruweyda, jirani yake muuza maziwa.

Maka aligeuza kibuyu juu ya moshi. Bila moshi ule hakujua yeye ni nani tena.

Wiki moja maziwa ya Ruweyda yalichacha njiani mara ya tatu. Siku hiyo alimjia Maka na vibuyu vyake vitupu.

"Nifukizie, eedo. Vyako havikuwahi kuharibu maziwa."

Maka alivipokea kwa uchovu. Ngamia hawatarudi, lakini mikono bado ni yake.

"Viweke hapo," alisema. "Kesho uje mapema. Majini hawapendi kungojeshwa."