Wimbo Tulioupenda Polepole

Enzi zetu, nyinyi tuliokua pamoja Wenje mtanishuhudia, nyumba yenye redio ya kaseti ilikuwa na wageni hata kama haikuwa na unga. Ya baba yangu ilikuwa na mfuniko uliovunjika, tukaufunga kwa ukanda wa tairi. Kaseti ilikuwa moja tu, ya Bendi ya Kingoni, vijana waliopita vijiji vya mtoni na gitaa za umeme na jenereta lililopiga kelele kuliko ngoma. Tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili tusimalize nguvu za redio. Wenzetu wa leo wakingoja wimbo ufunguke kwa sekunde tano wanaona wameonewa.

Nakumbuka jioni baada ya kutoka shambani, miguu ina tope la mto hadi magotini, kambare wa kuchoma kwenye sinia na ndizi mbichi zilizochemshwa. Baba alikuwa anabonyeza redio, na ule wimbo wa mwanamke anayekataa kuhama mafuriko unaanza: mzito, wa taratibu, sauti ya mwimbaji nene kama ya mzee aliyeamka sasa hivi. Mama alikuwa akiupenda mno. Alitikisa kichwa akichambua mchele na kusema, "Huyu anaimba kama mtu aliyeshiba."

Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla hatujavuna mara mbili. Mimi nilikuwa darasa la sita, mdogo wangu Mahado la nne, na Komora, kitinda mimba, la pili. Niliacha shule, nikashika jembe. Sijutii hilo. Wadogo zangu walisoma, na hakuna aliyelala njaa siku mbili mfululizo. Redio ilibaki nasi. Mawe yake, yaani betri, yalipochoka tuliyaanika juu ya bati, tukayauma kidogo kwa meno, tukayarudisha, na wimbo wa baba ukaendelea.

Komora alijitengenezea gitaa la mkebe wa mafuta na uzi wa kuvulia. Alipofika darasa la tatu, bendi ilikuja kijiji cha pili, akatoroka kwenda kuwasikiliza. Alirudi anauimba ule wimbo mbio mbio, anarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nilimwambia anauharibu. Akasema ndivyo wenyewe walivyoupiga. Nikamwambia kwetu unapigwa kama kwenye kaseti ya baba, na kama hawezi anyamaze. Akarudia kwa mwendo wangu, huku nikimpigia mapigo begani kwa kijiko cha mti. Mahado alicheka mpaka akamwaga uji. Niliona nimemfunza adabu ya nyumba yetu.

Miaka ikaenda. Kingoni wamezeeka, wengine hawapo, na Komora ndiye mpiga gitaa wao sasa. Kuna kikundi cha simu cha wapenzi wa bendi, na mnajua mabishano ya humo. Upande mmoja unasema muziki umekua, gitaa zimepata wepesi, kinanda kimeongeza ladha. Kuna mmoja wa Garsen aliyeandika, "Ama mnataka wapige vilevile hadi wazikwe na nyaya zao?" Upande wa pili unasema bendi imepotea, na mimi nilikuwa msemaji wao. Nilituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu tatu, Mahado akawa ananiambia nipumue.

Ningeishia kwenye simu ingekuwa nafuu. Lakini Pasaka walipiga Garsen mchana, uwanja umejaa, na kiongozi wao akatupa sisi mashabiki kipaza sauti tutoe maoni. Nikakichukua. Nikasema, "Huyo mwenye gitaa ni mdogo wangu, nimemlea kwa mikono hii. Nyumbani hakufundishwa kuukimbiza wimbo wa marehemu baba." Watu walicheka na kupiga makofi. Komora aliinama akawa anakaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Tangu siku hiyo akipiga simu alizungumza na Mahado tu.

Baada ya mavuno, Mzee Jillo, aliyekuwa mpiga ngoma wao wa kwanza, aliweka kwenye kikundi sauti ya kaseti ile ile ya zamani, ameipiga kwa umeme wa nyumbani kwake. Ilikuwa mbio mbio, na mwimbaji alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba. Nilidhani ameichezea, nikapanda boda mpaka kwake kumuuliza. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hatukuwahi kuupiga taratibu. Nyinyi mlikuwa mnasikiliza mawe yaliyokufa. Mawe yakichoka, kaseti hujikokota na sauti hunenepa."



Bendi ilipokuja tena Garsen nilifika mapema, wakiwa bado wanafunga spika. Nikamwendea Komora, nikamwambia alikuwa sahihi tangu darasa la tatu, na kwamba siku ya Pasaka nilimkosea mbele za watu. Nikamwomba leo waupige ule wimbo wanavyoupiga wenyewe, nami nitasimama mbele.

"Ule tuliutoa, Dada."

Nikamuuliza aliyeutoa ni nani.

"Mimi ndiye niliyewaomba. Nikiuanza nasikia unaniambia ninyamaze, vidole vinakataa." Akanishika mkono. "Lakini yameisha, Dada. Kaa hapa mbele, jua halitakupiga."

Walipiga mpaka alasiri, na nakiri walipiga vizuri. Watu walicheza, nami nilicheza. Ule haukupigwa.

Zamani tulikuwa watoto watatu na wimbo mmoja, na huo ulitutosha. Siku hizi wapwa zangu wana nyimbo elfu mfukoni, hakuna anayezimaliza, wala hakuna mtu wa kuwaambia wanaimba vibaya. Nilizoea kuwahurumia kwa hilo. Sasa sina hakika. Mimi nilikuwa dada, nikawa baba na mama, na nikisema nyamaza, watu walinyamaza. Nikaona huko ndiko kulea. Leo Komora ni mwanaume mzima, ndevu zina mvi, na bado ananitii.