Punje Nyeupe kwenye Titi la Mama

Mwaka ule wa vita, daktari wa hospitali ya misheni alimwambia mama kwamba huenda titi lake la kushoto likakatwa lote. Mama alikuwa bado ananyonyesha mdogo wangu. Akaitikia "Ndiyo, daktari," kwa sauti ile anayomwitikia nayo balozi wa nyumba kumi akimpangia zamu ya shamba la kijiji. Mimi nilikuwa darasa la saba, na tulitoka kijijini kwetu Nyarubungo kwa miguu, mtoto mgongoni kwangu.

Daktari aliiinua picha ya eksirei dirishani.

"Uvimbe ni huu. Ukingo wake laini, mviringo kama yai. Uvimbe mpole ndivyo unavyokuwa. Saratani mara nyingi ina miiba, inatambaa pembeni kama mizizi." Kisha akagusa punje nyeupe, ndogo kama chumvi, juu ya lile yai. "Lakini hizi sizipendi. Za namna hii tunazikuta sana kwenye saratani."

Nikazitazama. Zilikuwa zimejipanga mistari mitatu. Nikajiuliza, saratani gani inajua kupanga mstari? Sisi wenyewe mwalimu wa zamu anatupanga kwa fimbo.

Hapo nikakumbuka shangazi. Wiki moja kabla alimchanja mama chale mistari mitatu, akazisindilia unga wa jiwe jeupe uliokorogwa kwa samli, akakataza maji yasiguse titi mpaka mwezi uandame. Mama alikuwa ametii. Na hospitalini akanyamaza, maana manesi walikuwa wakali kwa watu waliopitia kwa waganga.

Mama alijua ninawaza nini. Akanifinya.

"Daktari, shikamoo," nikasema.

"Si umeshaniamkia? Marahaba. Kuna nini?"

"Hizo punje ni za shangazi."

"Za shangazi?"

"Huyu mtoto ana malaria, daktari," mama akadakia.

"Sina malaria! Ni jiwe limesagwa, liko kwenye chale. Mama hajaosha upande huo wiki nzima."

Nesi alimtazama mama. Mama aliitazama sakafu. Mimi niliutazama mlango, nikipima mbio.

Walimwosha kwa maji ya moto na sabuni, wakampiga picha nyingine, safari hii ya ubavuni. Punje nyingi zilikuwa zimeondoka. Chache zilizobaki zilikaa ndani ya ngozi, mbali na yai.

"Sasa afadhali," daktari akasema. "Ila picha ni kivuli tu. Nyama yenyewe ndiyo itakayotujibu."

Kwa hiyo hawakukata titi. Walitoa uvimbe peke yake, wakautia kwenye chupa yenye dawa, ukapelekwa Mwanza kupimwa kwa darubini. Malori yalikuwa yamekwenda vitani, basi chupa ikasafiri kwa kubahatisha, na jibu vilevile. Kidonda kikapona kabla jibu halijafika. Mama alimnyonyesha mtoto upande wa kulia tu, na mimi aliniambia maneno mawili kwa siku: "Leta maji."

Tulipoitwa tena, daktari aliweka barua ya Mwanza kando ya picha.

"Si saratani. Waliopima wameona uvimbe mpole, una ganda lake, haukuingia popote. Ukingo ulisema kweli. Punje zilisingizia."

Mama alipiga kigelegele mpaka glasi za dawa zikalia kabatini. Wagonjwa wa barazani wakaitikia bila kujua sababu. Mzee mmoja mwenye magongo akainuka. "Vita imekwisha?"

"Imekwisha, babu!" nikamjibu. "Tumeshinda!"

"Usidanganye wazee, wewe," mama akasema, lakini alikuwa anacheka. Akakaa kwenye benchi, akamchukua mdogo wangu mgongoni kwangu, akampa titi la kushoto mbele ya watu wote. Mtoto alilikamata kwa mikono miwili, kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.